"Amenikasirisha" ina mambo matatu ndani yake

Ndugu Mhariri,

Safu za ushauri siku hizi hazikosi sentensi hii: "Jukumu la hisia zako ni lako mwenyewe." Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoleta balaa. Sisi kazi yetu ni unasihi, tunaomba nafasi tuichambue.

Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kukwepa: amenikasirisha, amenichosha, amenitia wazimu. Mtenda ni yule, mimi ni mtendwa tu. Tukishaharibu, tunasema "shetani alinipitia" au "maneno yalinitoka", kana kwamba yana miguu. Hatumkatazi mtu kusema hivyo. Ila ndani ya "amenikasirisha" yamefungwa mambo matatu: alichofanya mwenzako, ulivyokitafsiri, na ulichohisi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Ellis, alijenga tiba yake katika miaka ya 1950 juu ya kuyatenganisha hayo, na kazi hiyo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Igawe karatasi safu tatu. Ya kwanza ni tukio, yaani kile tu ambacho kamera ingekinasa. "Alinidharau" si tukio. "Alisoma ujumbe wangu saa nne asubuhi, akajibu saa kumi jioni" ndilo tukio. Ya pili ni fikra: "Hanithamini." Ya tatu ni hisia, pamoja na alama ya ukali wake kati ya 0 na 100. Hapa wengi huteleza, wakaandika "nahisi kwamba hanijali". Ukiona "kwamba" imefuata "nahisi", hiyo ni fikra. Irudishe safu ya pili. Hisia mara nyingi inatoshwa na neno moja: hofu, aibu, wivu, upweke, hasira.

Halafu ihoji safu ya pili. Ushahidi wake ni upi? Kukaa kimya kwa saa sita kunaweza kuwa na maana gani nyingine? Andika angalau mbili, hata kama huziamini sana, kisha ipe hisia alama upya. Ikishuka kutoka 80 hadi 50, zoezi limefanya kazi yake. Anayesubiri sifuri ataitupa karatasi siku ya pili. Na ziko siku utagundua kwamba kweli ulidharauliwa. Basi hasira yako ina msingi, na swali linahamia kwenye utakachofanya.

Zoezi hili lisifanywe hasira ikiwa imepanda. Kwanza utulize mwili: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tatu hadi tano. Kama mko katikati ya ugomvi, sema unatoka na taja saa utakayorudi, kwa sababu kuondoka kimya ni ugomvi mwingine. Jipe dakika 20 au zaidi. Usizitumie kupanga majibu; ukifanya hivyo utarudi umewaka kuliko ulivyotoka. Kupiga mto ngumi "ili hasira itoke" nako hakusaidii: jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman la mwaka 2002 lilionyesha kwamba waliopiga begi la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika.

Wala kujikataza kufikiri si kuwajibika. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akaendelea kuwajia. Fikra ya kwanza huja bila kualikwa, wala hudaiwi kwa sababu yake. Unadaiwa unapoikalisha na kuilisha, na zaidi unapoitendea kazi.

Sasa ile nusu inayoleta balaa. Sentensi hiyo imekuwa silaha ya watesi: mtu anamtukana mwenzake, akilalamikiwa anajibu, "Hisia zako ni jukumu lako." Hapana. Tusi ni tendo, na tendo lina mwenyewe. Anayepigwa au kudhalilishwa hahitaji karatasi ya safu tatu. Anahitaji usalama na mtu wa kumsaidia.

Uwajibikaji hupimwa vizuri zaidi kwenye kuomba radhi. "Samahani kama umeumia" inatilia shaka maumivu ya mwenzako. "Samahani, lakini na wewe ulizidi" inafuta kilichotangulia. Taja ulichofanya, taja kilivyomgusa, sema utarekebisha nini: "Nilikufokea mbele ya watoto. Nilikuaibisha. Leo jioni nitawaambia wao pia kwamba nilikosea." Hapo "lakini" haina nafasi. Aliyeombwa radhi naye asiharakishwe kusamehe. Akitaka kuendelea kununa hadi kesho, huo ni uamuzi wake.

Washauri nasaha wawili