Tisheti 14 nilizoshona na baridi ya Iten

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, gazeti lenu nalisoma siku nyingi, naanza na kurasa za michezo halafu ndo narudi mbele kwa siasa kama bado nina moyo. Leo naandika kukiri kosa, manake nasikia vijana wengine wa hapa wanajipanga kupanda bara kukimbia na sitaki yawapate yaliyotupata sisi.

Tuko na kikundi chetu tunakimbia baada ya swala ya alfajiri. Tunatokea jeti, tunapita Nguzo ya Vasco da Gama, tunashuka Silversands, wenye pumzi wanafika mpaka Casuarina na sisi wenye vitambi tunarudia njiani. Mwaka jana mwezi wa saba tukachanga tupande Iten, ule mji wa wakimbiaji kule milimani, wiki moja tukajionee wenyewe wale mabingwa wanakimbiaje. Kazi ya sare nikapewa mimi, nikachukua jora la pamba, pamba safi nzito, nikashona tisheti 14 za buluu na ovaloki kila upande, yaani kwa macho ya fundi zilikuwa zimetulia. Mwenzetu mmoja akaongeza jaketi za mtumba, zile nene zilizotunishwa sponji ndani. Tukasema baridi itatukoma.

Asubuhi ya kwanza tukatoka saa 12. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6 hivi, kwa hivo chukua nyuzi 22 za alfajiri ya Malindi utoe 14 au 15 uone unabaki na nini. Tulikuwa tumejifunga kama mizigo ya basi. Hata dakika 15 hazijaisha tunachuruzika jasho, kila mtu akavua jaketi akaifunga kiunoni, raha, upepo unapiga kifua, tukapanda kilima tunacheka. Halafu mwenzetu akabaki nyuma tukasimama kumsubiri, na hapo pa kusimama ndo mambo yalipoharibika. Dakika tano tu meno yanagongana. Kijana wetu mwenye mbio kuliko wote, mtoto wa mvuvi ambaye anazamia tangu mdogo, alikuwa anahangaika na zipu ya jaketi yake vidole havishiki, anaiangalia ile zipu kama kitu hajawahi kuona, nikimuuliza swali anajibu nusu ulimi mzito. Nikaogopa kweli.

Palikuwa na mama muuza chai kando ya ile barabara ya udongo mwekundu, akatuita tuingie kwa jiko. Akanishika mkono wa tisheti akaufinya akasema, "Nyinyi hamjavaa nguo, mmevaa maji."

Nikavua nikaikamua. Mhariri, yalitoka maji kama tambara la kudekia. Na mimi ndo fundi! Miaka yote hii nauza vitambaa, wateja nawaambia pamba ni nzuri inanyonya jasho, sijawahi kujiuliza ikishanyonya inalipeleka wapi. Hailipeleki popote, inakaa nalo hapo kwenye ngozi, na maji yanaondoa joto mwilini haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Kwa hivo ile tisheti yangu safi ilikuwa inafanya kazi ya mtungi, kupoza kilichomo ndani.

Niliporudi nyumbani nikajaribu, nikalowesha tisheti moja ya pamba na jezi moja ya polista ya kuchezea mpira, zote nimezikamua sawa nikazianika kamba moja kivulini. Nimemaliza chai ya asubuhi na mahamri jezi imeshakauka. Ya pamba nimeenda kuiangua baada ya adhuhuri na upindo wa chini bado una unyevu.

Na kitu kinachoniuma ni kwamba wazee wetu hili wanalijua. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, kipindi cha kusi akirudi pwani kitu cha kwanza anavua shati lililolowa, anachukua kikoi kikavu alichokifunga kwenye mfuko wa plastiki, ndo anaanza kushusha samaki. Tukiwa watoto tulidhani ni mapozi. Alikuwa anasema nguo mbichi na upepo ni ndugu wawili, usiwakaribishe pamoja.

Siku zilizobaki kule nikaacha kukimbia sana nikakaa kuangalia nguo za watu, ndo kazi yangu hata hivyo. Wale wakimbiaji wanatoka na trakisuti, jaketi jepesi, kofia, wengine glavu, lakini wanaanza polepole mno, hatua za mtu anayeenda dukani, kilomita ya kwanza mimi na kitambi changu nawapita. Wakishapata moto jaketi inafunguliwa zipu, halafu inaenda kiunoni, na ndani unakuta jezi nyepesi ya polista iliyoshika mwili. Sijaona mtu na sponji. Zipu kumbe ni kitu kikubwa sana, ukiwa na zipu ya nusu shingoni unapanda kilima umefungua, unateremka umefunga, huna haja ya kusimama kuvua. Na lile koti la mvua la nailoni lisilopitisha hewa ukikimbia nalo bila mvua unajipika ndani kama muhogo, unalowa kwa jasho lako mwenyewe, heri mvua ikunyeshee tu.

Nikamuuliza mmoja wao navaa kiasi gani, akanicheka, akasema ukitoka mlangoni usisikie baridi basi umevaa nyingi. Nimekuja kuona ni kanuni inayotumika kwingi, unavaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi kama 10, manake mwili ukianza kazi unatengeneza moto wake. Sisi tulivaa kwa ajili ya pale mlangoni tu.

Kwa ndani basi ni polista, au sufu ile nyembamba ukiipata, sufu haina makuu hata ikilowa bado inakupa joto. Juu yake kitu cha kuzuia upepo. Baridi ikizidi sana ndo unaweka nguo ya tatu katikati. Masikio na vidole usivisahau, mwili ukisikia baridi unarudisha damu ndani kulinda moyo na viungo vya ndani, vidole vinaachwa vijitegemee. Hapo binti ya dada yangu alitushinda sote, yeye anakimbia na hijabu ya kitambaa cha jezi, kimemshika vizuri masikio na shingo, sisi wanaume tunajisugua masikio yeye anauliza kwani mna nini. Na nguo kavu ya kubadilisha iwe inakusubiri pale unapomalizia, sio hotelini. Ukiona mwenzako anatetemeka, anajikwaa, maneno hayatoki sawa, hayo sio mazoezi tena, mtoeni upepo mumvue hizo mbichi.

Msidhani ni ushamba wa watu wa pwani peke yetu. Boston Marathon ya 2018 ilikimbiwa kwa nyuzi 3 au 4 hivi, mvua, na upepo wa usoni, mabingwa wakubwa wakajitoa njiani mmoja mmoja. Geoffrey Kirui wetu, bingwa wa 2017, aliongoza akapitwa mwishoni na Yuki Kawauchi wa Japani, na kwa wanawake akashinda Desiree Linden wa Marekani kwa saa 2:39:54, mbio karibu zote akiwa na jaketi lake mwilini. Sisemi jaketi ndo lilishinda, ila halikumzuia.

Kwenye mbio hizo kubwa za nje wakimbiaji wanasimama mstarini na sweta kuukuu, mbio zikikaribia kuanza wanalitupa pembeni, na sehemu nyingine yanaokotwa yanapelekwa kwa misaada. Haitanishangaza siku moja sweta moja likaishia kwenye bunda la mtumba hapa sokoni nikalipunguza mikono.

Zile tisheti 14 bado ziko, tunavaa kwenye kufagia ufuo, mwani umejaa sana siku hizi. Za safari ya mwaka huu nimeshakata polista, zipu za nusu, mshono wa kwapani nimeulaza usichubue. Kilichonishinda ni glavu nyembamba. Kila duka nikiuliza hapa Malindi naletewa zile za kubebea matofali, na mwenye duka ananiangalia na jasho lake la saa 6 mchana ananiuliza mzee uko sawa. Kama kuna msomaji wa Iten au Eldoret anajua zinapouzwa kwa bei ya watu, aandike kupitia hapa hapa gazetini, nahitaji jozi 14.

Fundi cherehani,
Malindi