Miche mitatu si kilimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kasoro niliyoiona katika habari mliyoichapa hivi karibuni chini ya kichwa "Ujerumani yaruhusu kilimo cha bangi". Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, mwaka wa 19 sasa naishi Hamburg, na riziki yangu naipata katika kitalu cha maua na miche ya bustani, kwa hiyo habari hiyo ilinigusa kwa pande zote mbili. Sikusudii kuitetea bangi wala kuipiga vita. Mimi mwenyewe sivuti hata sigara. Ninalopinga ni neno moja tu, nalo ni "kilimo".

Mtu wa kwetu akisikia kilimo huona shamba, jembe, magunia na mnunuzi anayekuja na gari. Sheria iliyoanza kutumika Ujerumani tarehe 1 Aprili 2024 haina hata kimoja kati ya hivyo. Inamruhusu mtu aliyetimiza umri wa miaka 18, na ambaye makazi yake yamekuwa nchini humo kwa muda usiopungua miezi 6, kuwa na miche isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja, pale pale anapoishi, kwa matumizi yake mwenyewe. Vile vibustani vya kukodi vya nje ya mji, ambavyo Wajerumani wengi huvipenda kuliko sebule zao, havihesabiwi, kwa kuwa si makazi ya mtu. Miche hiyo ni lazima iwekwe mahali ambapo watoto na watu wengine hawawezi kuifikia. Mavuno hayauzwi, na zaidi ya hapo, jambo ambalo hata wenyeji wengi hulisahau, hayagawiwi bure.

Sheria hiyo ina kichekesho chake, nami nashangaa mwandishi wenu hakukigusia. Kiasi cha juu ambacho mtu anaruhusiwa kuwa nacho nyumbani ni gramu 50 za bangi kavu, na gramu 25 akiwa njiani, ilhali mche mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kutoa maua makavu yanayozidi gramu hizo 50. Kwa hiyo aliyepanda mitatu, na mkono wake ukawa wa baraka, hulazimika kuiteketeza ziada mara baada ya kuvuna na kukausha, maana akikutwa na zaidi ya gramu 60 nyumbani kosa lake linahesabiwa kuwa la jinai. Katika miaka yangu yote ya vitalu sijaona zao jingine ambalo mpandaji wake huingia hatarini kwa sababu ya kuvuna vizuri.

Habari yenu ilidokeza pia kwamba siku hizi kila Mjerumani anaotesha bangi kwa urahisi kama anavyootesha mchicha. Hapa naomba niseme kama mtu wa miche. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli anayesumbuliwa na mgongo, alinijia majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata sheria hiyo na mbegu zake chache alizozinunua kwa halali, akaniomba nimwelekeze kwa kuwa anajua kazi yangu. Alidhani ni kama nyanya. Mbegu za kwanza alizilowesha, akazifukia, kisha akazimwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi makubwa hadi zikaoza zote, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza: mbegu hii inataka udongo mwepesi wenye unyevunyevu tu, na joto la chumba linalokaribia nyuzi 20 hadi 25, nayo ikipata hayo hujitokeza yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki moja.

Mara ya pili zikaota mbili. Hapo ndipo alipogundua kwamba mmea huu, kama mpapai, una dume na jike katika miche tofauti, na kwamba maua yanayotafutwa ni ya jike peke yake. Katika mbegu za kawaida, takriban nusu hutoka dume, na mche ukiwa bado mdogo huwezi kuutambua kwa macho. Unaulea kwa wiki nyingi ndipo unakuonyesha uliyekuwa ukimlea ni nani. Mmoja wa mzee wetu ukawa dume. Akaung'oa kwa huzuni ambayo, nikisema kweli, ilinichekesha. Jike lililobaki lilikaa kwenye baraza ya ghorofani, likachanua mwezi Agosti siku zilipoanza kufupika, kisha zikaja mvua za mwisho wa Septemba, na ukungu wa kijivu ukayala maua yale kutoka ndani, yakawa yanaonekana mazima kwa nje huku yameoza katikati. Alichookoa kilitosha kikombe kimoja cha kahawa. Wapo wanaotumia hema na taa ndani ya nyumba ili kuikwepa hali ya hewa, lakini bei ya umeme ya hapa huwakumbusha mapema kwamba hakuna cha bure.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu tangu habari yenu itoke nimepokea ujumbe wa ndugu watatu wa nyumbani, mmoja wao mpwa wangu, wakinitaka niwatumie "mbegu za Ulaya". Wameelewa, kwa kufuata kichwa cha habari, kwamba hapa bangi sasa ni zao kama zao jingine na kwamba mbegu zake ni bidhaa ya kutumwa kwa posta. Nilimjibu mpwa wangu kwanza kwa sheria. Kwetu Tanzania bangi inakatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, hukumu za kifungo cha miaka 30 kwa makosa ya bangi zimekwisha kusomwa mahakamani, na taarifa za ukamataji za Mamlaka inayohusika hutaja mbegu pamoja na bangi kavu na mashamba yaliyofyekwa. Bahasha yangu ingemfikisha mpwa wangu mahakamani. Njia ya mbegu kuja huku nayo haiko wazi kama watu wanavyodhani, kwani ruhusa ya kuingiza mbegu za kupanda nyumbani inahusu zile zinazotoka katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Kisha, kwa kuwa yeye ni mbishi, nikamweleza na upande wa mmea wenyewe. Mwezi Juni jua la Hamburg hukaa juu kwa karibu saa 17, na mmea huu hukua kwa urefu wa mchana na kuchanua mchana unapofupika. Lushoto mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mbegu iliyozoeshwa majira ya kaskazini, ikipandwa huko, huchanua ingali kibete cha kutia huruma. Na ile ya kwetu ikiletwa huku huchelewa kuchanua hadi baridi inaikuta. Hoja hiyo ndiyo iliyomnyamazisha, ingawa ningependa ingekuwa ile ya kwanza.

Mkanganyiko wa namna hii si mgeni. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipotoa hukumu yake tarehe 18 Septemba 2018 kuhusu matumizi na upandaji wa bangi kwa faragha, wengi walisikia kwamba bangi imeruhusiwa, basi. Neno "faragha" lilipotelea njiani. Katika habari yenu lililopotea ni idadi, na idadi hiyo ndiyo sheria yenyewe.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mchape masahihisho mafupi, mahali pale pale ilipotoka habari ya kwanza, yenye kichwa "Ujerumani yaruhusu miche mitatu ya bangi". Kinazidi kile cha kwenu kwa neno moja.

Wenu,
Msomaji, Hamburg