Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, Mheshimiwa Sheha, wajumbe wa kamati ya skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia wito wetu katika msimu huu wa karafuu, ambapo kila mtu ana majamvi yake ya kuangalia.

Muhula huu klabu yetu iliendesha mdahalo juu ya suala moja: je, sayansi na teknolojia zina madhara zaidi kuliko faida? Tulidhani tutalimaliza kwa kipindi kimoja, lakini lilituchukua wiki tatu. Hatukuja kukusomea hoja za kila upande, bali kukueleza tulipofikia.

Jawabu lililotangulia ni lile tulilolizoea, kwamba sayansi ni kama kisu, hukata mkate na huua mtu, na lawama ni ya mkono ulioshika. Halikututosha. Bomu la atomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, linalokadiriwa kuua watu wapatao 140,000 hadi kumalizika kwa mwaka ule, halikuwa chombo cha jikoni kilichoangukia mkono mbaya. Lilibuniwa kwa ajili ya kuua, na wataalamu walioliunda walijua wanaunda nini. Kwa hivyo hatukubali kwamba mwenye elimu hana dhima juu ya kile anachokitengeneza.

Lakini elimu hiyo hiyo ya atomu ina habari nyengine hapa kwetu Zanzibar, na tulisikitika kuona kwamba wengi wetu hatukuwa tukiijua. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na mbung'o, ambao waliwaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana, wakakonda, wakaharibu mimba na wakafa. Dawa na mitego iliwapunguza mbung'o hao bila ya kuwamaliza. Ndipo wataalamu wakawafuga mbung'o Tanga, wakawapiga madume mionzi ili wasiweze kuzalisha, na kuanzia mwaka 1994 wakawamwaga kwa ndege juu ya Unguja, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake, na akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Mionzi ile ile inayoutisha ulimwengu ndiyo iliyowaokolea wafugaji wa Unguja ng'ombe wao.

Kwa maoni yetu, tofauti ya habari hizi mbili haimo ndani ya atomu. Imo katika kuuliza kazi ilifanywa kwa haja ya nani, na hasara yake ikamuangukia nani.

Tunauliza hivyo kwa sababu hasara moja tunaiona kwa macho yetu. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Unguja mwaka 1989, ukaenea hadi huku Pemba, na wakulima wake wengi ni mama zetu. Bamvua lililopita, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, wanne kati yetu tulimfuata pwani mama wa mwenzetu. Alinyanyua kamba aliyoipanda wiki chache kabla, na matawi yaliyotakiwa kuwa manene yalikuwa meupe kama yaliyochemshwa. Alipoyagusa yakakatika, yakaondoka na maji. Hakusema kitu. Alianza kufungua vijikamba, kimoja kimoja, ili avitumie tena.

Huo ni mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko aina nyengine inayolimwa, spinosamu, na ndio usiostahamili maji yakizidi joto. Bahari inapata joto kwa sababu ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika nchi za viwanda. Mama huyu hana gari wala kiwanda. Faida wameila wengine na deni analilipa yeye, na tukijumlisha faida na madhara ya ulimwengu mzima katika mizani moja, yeye anapotea ndani ya hesabu.

Hata hivyo hatusemi turudi tulikotoka. Umeme tunaotumia hapa leo umepita chini ya bahari kutoka Tanga, jambo lililowezekana mwaka 2010, na kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha. Malaria iliyokuwa ikijaza wadi za watoto imepungua mno kwa vyandarua, kwa upigaji dawa majumbani na kwa dawa mseto iliyoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003. Hata mwani wenyewe, wataalamu wa bahari wa hapa hapa Zanzibar, wakishirikiana na akina mama, wamejaribu kuulima katika maji ya kina zaidi, ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba. Hiyo ndiyo sayansi tunayoitaka, ambayo mwenye tatizo yumo ndani ya kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo linapotoka ombi letu. Maabara yetu ina bureti mbili, yaani mirija ya kupimia vimiminika, kwa darasa la wanafunzi 46, na bomba lake halitoi maji, kwa hivyo majaribio mengi tunayasoma ubaoni. Tunaomba tusaidiwe maji na vifaa. Pia tunaomba vipimajoto vya maji na kipimo cha chumvi, ili tupime maji ya pwani yetu kila bamvua, tuwape wakulima wa mwani matokeo yake na tuyapeleke kwa wataalamu. Daftari la kuandikia tumeshalinunua kwa michango yetu, na mama yule ameshatuonesha vigingi vya kuanzia.

Tunaomba kuwasilisha.