Barua kwa Mwanangu: Futa Nusu ya Mpango wa York

Tabora, 8 Februari

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi hapa hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kila mvua ikinyesha. Waama baada ya salamu, mpango wako wa kututembeza York, huko Uingereza, umefika. Nilimpelekea kijana wa stesheneri akanichapia kwa herufi kubwa, nikauweka mezani, nikashika kalamu nyekundu kama enzi zile nakagua ratiba. Siku tatu, vituo kumi na vinne. Binti yangu, hata treni ya mizigo haipangiwi hivyo.

Sikulaumu, kwa sababu mimi nilifanya kosa hilohilo mwaka 1989. Unajua nilikuwa huko miezi mitatu kwa kozi ya mambo ya njia za reli, nikapata Jumamosi na Jumapili moja ya kwangu mwenyewe. Nilikuwa na kamera ya kuazima, filamu moja ya picha 36 na karatasi ya orodha mfukoni. Nilikimbia mji ule kama mtu anayefukuzwa. Niliporudi nyumbani mama yako alizipitia picha moja moja, akagota kwenye moja: shetani mdogo mwekundu, amekaa juu kwenye pembe ya nyumba, miguu ameikunja, mnyororo kiunoni. Akaniuliza, "Huyu ni wa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpiga picha nikapita.

Miaka ikapita ndipo nikaja kusoma kwamba mtaa ule, Stonegate, ulikuwa wa wachapaji na wauza vitabu, na kijana wa kazi kwenye matbaa, yule wa kubeba herufi za kuchapia za madini ya risasi na kuchafuka wino mpaka masikioni, Waingereza walikuwa wanamwita shetani. Kumbe lile sanamu lilikuwa bango la duka. Nikamletea mama yako jibu lake akiwa anachambua mchele uani. Hakuinua hata uso. "Umechelewa miaka kumi na mitano," akasema.

Basi ndiyo maana nimekata. Usinune, soma mpaka mwisho.

Kwanza siku zenyewe. Usichukue wikiendi. Umeandika Ijumaa mpaka Jumapili kwa sababu ya zamu zako, lakini jaribu kubadilishana na wenzako tupate Jumanne mpaka Alhamisi. Jumapili ndiyo siku ya mafundi wa njia. Mwaka ule nilifika stesheni kurudi, nikaambiwa sehemu ya njia imefungwa, tukapakiwa kwenye mabasi, nikaingia bwenini saa saba usiku na mkate mkavu mkononi. Nililalamika kama abiria, halafu nikanyamaza kama fundi, maana mataruma hayajibadilishi yenyewe. Halafu angalia kalenda ya mbio za farasi kabla hujalipia chumba. Uwanja wao uko pembeni tu ya mji, na Mei kuna mbio katikati ya wiki. Siku hizo vyumba hupanda bei, na jioni mitaa hujaa watu waliokunywa. Sitaki mama yako aanze kuijua York kwa njia hiyo.

Tiketi nunua mapema. Kutoka King's Cross ni kama saa mbili tu, na ya kununua mapema ni nafuu mno, ila inakufunga kwenye treni ileile. Ukiikosa, imekula kwako. Sisi wazee tuna kadi yetu ya reli, ya waliofikisha miaka 60, inapunguza theluthi moja ya nauli. Kila mtu na yake; ukipiga hesabu ya kwenda na kurudi, kadi imejilipa au imekaribia. Chumba kiwe cha chini au chenye lifti. Uliza kabisa, usitazame picha tu, kwa sababu nyumba za zamani za pale zina ngazi nyembamba kama za mnarani.

Tukishuka York, mnipe dakika tano pale jukwaani. Stesheni ile ilifunguliwa mwaka 1877 na njia zake zimepinda, kwa hiyo paa la chuma na vioo nalo limepinda kuifuata njia, nguzo baada ya nguzo, mpaka macho yanapotelea kwenye kona. Wenzangu wa kozi walicheka kwamba watu wengine huja kuona kanisa, mimi natazama paa la stesheni. Na wewe ukicheka sitajali.

Makumbusho ya reli yako nyuma ya stesheni hapohapo, na kuingia ni bure. Umeyapa dakika arobaini! Ningesema asubuhi nzima, lakini tumekubaliana kukata, basi nipe saa mbili. Nataka kumwona tena Mallard, lile garimoshi la buluu lililokwenda kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, na mpaka leo hakuna la mvuke lililolishinda. Treni yetu ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kwenda Dodoma inakwenda 160. Lakini usimhadithie mtu nusu ya habari: siku ile Mallard lilikuwa linateremka mteremko, na lilipomaliza beringi yake moja kubwa ilikuwa imeshaungua. Kila dereva wa mvuke wa Tabora angekwambia bei ya mwendo kama ule.

Sasa kitu ambacho hukukiandika kabisa, na mimi nimekiweka cha kwanza. Kwenye bustani ya makumbusho, pale penye magofu ya abasia ya St Mary's, nyumba ya watawa wa zamani, kuna jengo la Yorkshire Museum. Ndani wana vitu vya mwanamke mmoja aliyezikwa York katika karne ya nne, zama za Warumi. Walimfukua mwaka 1901 akiwa kwenye jeneza la jiwe. Alizikwa na kioo cha kujitazamia, chupa ya bilauri, shanga za buluu na bangili: nyingine za jiwe jeusi la pwani ya Whitby, nyingine za pembe za ndovu. Mwaka 2010 wataalamu waliopima fuvu na mifupa yake walisema huenda asili yake ilikuwa na upande wa Afrika Kaskazini. Hakuwa mjakazi. Mtu hazikwi na vitu vile kama si mwenye mali.

Mwaka 1989 nilipita mlangoni pa jengo lile bila kuingia, kwa sababu halikuwa kwenye orodha yangu. Nataka safari hii tukae mbele ya zile bangili. Mji wetu huu ulikua kwa pembe, Zuhura. Misafara ilitoka Ujiji ikapumzika hapa, ikashuka mpaka Bagamoyo. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, na nilihadithiwa kwamba bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Tembo wa zile bangili alikuwa wa wapi, bangili hazisemi. Mimi nataka tu kumwonyesha mama yako pembe iliposafiri, na mkono ulioivaa.

Na tukiwa hapohapo, mkumbushe kwamba kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna huko Libya, aliitawala dola yote ya Warumi akiwa York, akafia palepale mwaka 211. Wazungu wenyewe wengi hawalijui hili.

Kanisa kuu, Minster, hatuwezi kuliacha. Lakini mnara umefutwa. Ngazi 275 na goti lile, wapi na wapi! Tutakaa chini tutazame dirisha kubwa la mashariki. Ni ukuta mzima wa vioo vya rangi wenye ukubwa kama wa uwanja wa tenisi, na kilichonivutia mimi ni mkataba wake. Fundi John Thornton wa Coventry alipewa kazi mwaka 1405, miaka mitatu, na malipo ya ziada ya pauni 10 akimaliza kwa wakati. Alimaliza mwaka 1408, akalipwa pauni 56 kwa jumla. Mkandarasi aliyemaliza kwa wakati! Ningeliona hilo tu ningeridhika. Upande wa kusini wa kanisa paa liliungua Julai 1984, yaelekea kwa radi, na walipolitengeneza waliwashindanisha watoto kwenye televisheni wachore baadhi ya nakshi za dari mpya. Mmoja alichora mtu akitua mwezini, na ikachongwa, ipo juu kule mpaka leo. Chukua ile darubini yako ndogo.

Kuingia kutazama ni kwa tiketi. Jioni kwaya yao huimba ibadani siku nyingi za wiki, na hapo mtu huingia bure akakaa. Mama yako ameniuliza kama inafaa. Nimemwambia kusikiliza si kuabudu, na kama hakuridhika atatusubiri nje kwenye benchi na mimi nitasubiri naye.

Juu ya ukuta wa mji tutatembea kipande kimoja tu, kutoka Bootham Bar mpaka Monk Bar, ambapo unaona kanisa lote ubavuni na bustani za watu chini. Ukuta mzima ni zaidi ya kilomita tatu, na sehemu nyingine hazina vizuizi upande wa ndani. Usije ukapotea kwa majina: kwao "bar" ndiyo lango, na "gate" ni mtaa, neno walilowaachia Waviking, wale mabaharia wa kaskazini waliouteka mji zamani. Mwaka ule nilizunguka robo saa natafuta lango la Stonegate.

Mtaa wa Shambles uende, lakini asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa. Ulikuwa mtaa wa wauza nyama, na kulabu za kuning'inizia bado utaziona kwenye baadhi ya kuta. Makumbusho ya Waviking ya Jorvik, pale wanapokupandisha kwenye kiti kinachotembea na kukunusisha harufu za kale, nimeyakata. Mama yako harufu za choo za miaka elfu moja hazitaki. Ukitaka nenda peke yako, sisi tutakunywa chai.

Kuna jambo moja lazima nikwambie waziwazi. Pale Clifford's Tower umeandika "ngome, pazuri kwa picha." Tarehe 16 Machi 1190 Wayahudi wa York, watu kama 150 pamoja na wake na watoto, walikimbilia kwenye ngome iliyokuwa pale, ya mbao wakati huo, umati ukiwa umewazingira. Wengi walijiua na kuuana wenyewe kuliko kuangukia mikononi mwao, na waliotoka kwa ahadi ya kusalimika wakauawa. Mimi nina picha yangu pale, nimesimama kwenye majani natabasamu. Sikujua. Hiyo picha siiweki tena kwenye albamu. Tutakwenda, tutasimama, na kamera ibaki mkobani.

Kuhusu chakula: samaki na chipsi ni wazuri sana kule, lakini uliza kwanza wanakaangia nini. Yorkshire maduka mengi hutumia mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea, na mtu anayejali halali anaweza kula bila kujua. Uliza kwa adabu, watakujibu, na wapo wanaotumia ya mimea.

Msikiti uko Bull Lane, nje kidogo ya Walmgate Bar. Nataka tukaswali adhuhuri pale. Mwaka 2013 kundi la watu wenye chuki na Waislamu lilitangaza kwenda kuandamana nje ya msikiti huo. Wenyewe wakachemsha chai, wakatoa biskuti, wakawakaribisha. Waandamanaji waliojitokeza walikuwa wachache tu, baadhi yao wakaingia wakanywa chai, na mwisho wakacheza mpira pamoja. Mama yako aliposikia alisema, "Sasa hao ndio waliolelewa."

Kwa hiyo hesabu ni hii. Siku ya kuingia, bustani na bangili, na ukuta jioni kama hakuna mvua, maana Mei jua linachelewa kuzama mpaka karibu saa tatu usiku. Siku ya pili Shambles alfajiri, kanisa, kulala kidogo mchana (ndiyo, kulala), kisha Clifford's Tower na msikiti utakavyopanga wewe. Siku ya kuondoka, reli yangu, tukitoka pale tunapanda treni. Vingine vyote nimevipigia mstari. Ukiona nimekuonea kwenye kimoja, kirudishe, lakini utoe kingine.

Mama yako amekwisha kutoa koti langu la mwaka ule sandukuni, linanuka nondo, analipiga jua. Anauliza kama yule shetani bado yuko pale juu. Nimemwambia yupo. Tutapita Stonegate tukitoka kanisani, wala sitamwelekeza; nataka amwone mwenyewe.

Baba yako.