Nani Ana Sehemu ya Tatu? Wito wa Harambee kwa Chama cha Heshima cha Kiingereza na Fasihi

Wazazi na walezi, wanafunzi wetu wa zamani, majirani wa Nyalenda na Dunga hapa Kisumu, nanyi mliotoka mtaa huu mkaenda kutafuta riziki mbali, hamjambo.

Ijumaa moja muhula uliopita niliwakuta wasichana wanne wa Kidato cha Tatu chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara, wakiulizana, "Nani ana sehemu ya tatu?" Nilidhani wanazungumzia mtihani. Kumbe ni kitabu. Walikuwa na nakala moja ya riwaya teule, yaani ile inayotahiniwa, wakaikata kwa wembe vipande vinne, kila kipande wakakishona mgongoni kwa uzi wa gunia na kukifunika kwa karatasi ya mfuko wa unga. Juu ya kila jalada waliandika namba: 1, 2, 3, 4. Walikuwa wakibadilishana kila baada ya siku mbili. Aliyeanza na kipande cha nne alijua nani anakufa kabla hajajua alizaliwa wapi.

Sikuwakemea. Nimefundisha Kiingereza na fasihi miaka mingi kabla ya kustaafu, na miaka yote hiyo nimewakataza watoto kukunja hata pembe ya ukurasa. Siku hiyo nilikishika kipande cha pili, nikaona mishono ilivyonyooka, neno likanikwama kooni. Hao wanne ni wanachama wa Chama cha Heshima. Mimi ni mlezi wao wa kujitolea, na wito huu nauandika kwa niaba ya kamati ya wazazi na wanafunzi wa zamani.

Wengi mmekuwa mkiniuliza chama hiki ni cha nini, na kwa nini kikaitwa cha heshima. Wazo lilikuja na binti mmoja aliyesoma hapa kwetu, akapata nafasi ya kusoma Marekani, na aliporudi likizo akaja kutusalimu. Alitueleza kwamba huko shule nyingi za sekondari zina vyama vya namna hii. Kile cha jumla, National Honor Society, kipo tangu 1921. Cha Kiingereza peke yake kilianzishwa 2005, kikilelewa na Sigma Tau Delta, chama cha wanafunzi wa Kiingereza wa vyuo vikuu ambacho chenyewe kilizaliwa 1924. Mwanafunzi huingia kwa alama nzuri. Akishaingia, anadaiwa kazi: kuwasaidia wenzake masomo, kuhariri jarida, kukusanya vitabu vya wasio navyo. Kaulimbiu yao wameiandika kwa Kiingereza cha kale kabisa, kile ambacho hata Mwingereza wa leo hakisomi bila kufundishwa, na maana yake ni kwamba wajibu huandamana na heshima.

Hilo la wajibu ndilo lililonishika. Beji tunazo tele shuleni, za viranja, za skauti, za wimbo na mbio. Lakini beji inayomwambia mtoto "sasa una deni kwa mwenzako" sikuwa nimeiona.

Sisi si tawi lao wala hatuwalipi ada. Tulichukua wazo, tukalishona upya kwa kipimo chetu. Kwetu mwanafunzi hupendekezwa akipata B katika Kiingereza mihula miwili mfululizo, au C+ ikiwa mwalimu wake ataandika barua kuonyesha kwamba amepanda kutoka chini. Hao wa C+ nawapenda sana, nisiwafiche. Aliyetoka D akafika C+ anajua njia yote ilivyo na mashimo yake, na ndiye anayemweleza mdogo wake vizuri kuliko yule aliyezaliwa na A. Akishakubaliwa, kila mwanachama hupewa wanafunzi wadogo wawili wa kusoma nao Jumatano baada ya masomo, na Jumamosi moja kila mwezi wote huenda shule ya msingi jirani kusoma hadithi na watoto. Anayekosa mara tatu bila sababu hurudisha beji. Wamewahi kurudisha wawili. Mmoja alijirekebisha, akairudia.

Kuna sharti moja ambalo Marekani halipo. Tulilitunga wenyewe, na ndilo roho ya chama. Siku ya kuapishwa, mwanachama mpya huja na mzazi au mlezi. Anachagua hadithi moja aliyoisoma kwa Kiingereza, kisha anamsimulia mzazi wake mbele yetu sote kwa lugha ya nyumbani, iwe Kijaluo, Kiluhya, Kinubi au Kiswahili. Asiyeweza kuisimulia nyumbani hajaielewa bado, tunamwambia akasome tena. Ndiyo maana hata wito huu wa chama cha Kiingereza mnausoma kwa Kiswahili.

Mwaka jana msichana mmoja alimsimulia mama yake hadithi ya mjane aliyekataa kuondoka bomani baada ya mumewe kufa. Mama huyo anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Jubilee, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kikapu amekiacha mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Kisha akauliza, "Na shamba liliandikwa jina la nani?" Msichana alinyamaza. Nami nilinyamaza. Tulikuwa tumeifundisha hadithi ile wiki tatu, tumezungumza maudhui, wahusika na mbinu za uandishi, na hakuna aliyeuliza swali hilo. Wiki iliyofuata yule msichana aliandika insha yake yote juu ya shamba na hati yake, na tangu niache kushika chaki sijasoma insha ya mwanafunzi iliyonikamata namna ile.

Sasa nije kwenye vitabu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, Kiingereza kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya pili ina dondoo ya tamthilia ya lazima, alama 25. Karatasi ya tatu ina insha mbili juu ya vitabu teule, alama 20 kila moja. Jumlisheni: alama 65 zinatoka ndani ya vitabu ambavyo mtoto lazima awe amevishika, amevisoma, amevirudia. Mwalimu hata awe bingwa namna gani hawezi kumwingizia mtoto riwaya masikioni. Na hapa kwetu vitabu hivyo hununuliwa na mzazi, ambaye kwanza analipa kodi ya nyumba, analipa maji, analipa chakula cha mchana cha shuleni, halafu ndipo aangalie kilichobaki. Mara nyingi hakibaki kitu.

Mjue pia kwamba wakati unatukimbiza. Waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Nyuma yao, tangu Januari 2026, kuna Gredi ya 10 ya sekondari pevu ya mtaala mpya, na humo Fasihi ya Kiingereza ni somo la kujichagulia chini ya mkondo wa Sayansi za Jamii. Mtoto hachagui asichokijua. Kama hajawahi kumaliza kitabu kizima, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa mpangilio wake, atalichagulia nini somo la vitabu?

Msichana mmoja wa chama aliwahi kuniambia hana haja na fasihi kwa sababu anataka kuwa muuguzi. Nikamwambia habari za Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, hapo ng'ambo tu Siaya. Alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno, njia ile ile unayopita ukienda Busia, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapishwa riwaya kwa Kiingereza. Msichana aliniuliza, "Maseno hii yetu?" Ndiyo, Maseno hii yetu.

Lazima niwaambie na lililotupata, kwa sababu baadhi yenu mlichanga safari iliyopita na mna haki ya kuuliza vitabu vile viko wapi. Tulinunua nakala 70. Tuliziweka stoo ndani ya maboksi ya karatasi, sakafuni, kwa kuwa hatukuwa na kabati na tulidhani ni kwa wiki chache tu. Mvua ya Aprili ikashuka usiku, bati la pembeni likawa limelegea, maji yakaingia. Asubuhi tulianika kurasa juani uwanja mzima kama omena, wanafunzi wakizigeuza moja moja. Tuliokoa 27. Nakala 43 zilishikana zikawa matofali. Kosa lilikuwa letu sisi wa kamati, hatukuwa waangalifu, na tunawaomba radhi. Bati limeshatengenezwa. Safari hii hatutanunua kitabu hata kimoja kabla kabati hazijaingia chumbani.

Kwa hiyo tunahitaji kabati mbili za chuma zenye kufuli, shilingi 36,000. Vitabu 120, vya teule na vya hadithi za kusoma kwa hiari, kwa bei ya shilingi 600 kila kimoja, ni 72,000. Taa 20 za sola za kuazimana, 30,000. Hizi taa naomba msizione kama pambo. Wengi wa wanachama wetu wanaishi chumba kimoja na familia nzima, na wadogo wakilala mama huzima taa ya chumba. Mwenye taa yake ndogo anaweza kukaa kizingitini au kujifunika shuka akaendelea bila kumwamsha mtu. Taa itaandikwa kwenye daftari la kuazima kama kitabu na kurudishwa mwisho wa muhula. Jarida la wanafunzi, nakala 300, litatugharimu 45,000, na humo mtasoma mashairi na hadithi za watoto wenu wenyewe, za Kiingereza na za Kiswahili. Kukodi matatu mara tatu kwenda makongamano ya fasihi katika shule nyingine ni 27,000. Kongamano lililopita tulipeleka wanachama 9 tu kati ya 24, wengine wakabaki langoni wakitupungia mkono.

Jumla ni shilingi 210,000. Wanafunzi wa zamani na wazazi wameshatoa 64,000. Zimebaki 146,000.

Beji hatuombi. Wanachama wanazishona wenyewe kwa kitambaa cha kanga, na ninavyoziona ni nzuri kuliko za dukani.

Naomba nilisisitize hili kwa wazazi: mchango huu si karo wala si sharti. Hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa, na hakuna atakayeingia chamani kwa sababu mzazi wake alitoa nyingi. Mama aliyekuja na sauti yake na swali lake la shamba ameshachanga.

Kadi za harambee ziko kwa viongozi wa darasa na kwa katibu wa kamati. Namba ya Paybill ya kamati, ya kulipia kwa M-Pesa, imechapishwa kwenye kadi. Tafadhali usitume pesa kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa ni mimi. Kila shilingi itaandikiwa risiti. Kutoa pesa benki kunahitaji sahihi tatu, ya mweka hazina, ya mwakilishi wa wazazi na ya mwanafunzi wa zamani, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa lango, palipo na jua, kila mtu aisome. Zile nakala 43 nazo zitakuwa kwenye orodha hiyo, mstari wa kwanza.

Asiye na pesa taslimu asibaki nyumbani. Kuku ataletwa na tutamnadi, ndizi pia, hata kikapu cha omena. Fundi wa mbao au wa chuma anayeweza kutupunguzia bei ya kabati aje tuzungumze. Mliopo Nairobi, Mombasa na ng'ambo, mkiwa na vitabu vya hadithi mlivyovimaliza, vitumeni kwa basi, tutavichukua stendi. Ila, kwa upendo, msitutumie vitabu vya marudio ya mitihani. Hivyo tunavyo, na havijawahi kumfanya mtoto yeyote akate kitabu kwa wembe ili ajue kilichotokea.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo fupi ya muhula huu, uwanjani kwetu, kuanzia saa tatu asubuhi. Chai na mandazi zitakuwepo. Wanachama wapya wanane wataapishwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo mtawasikia wakisimulia, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Wale wasichana wanne watakuwa mezani karibu na lango wakiandikisha michango, na vile vipande vyao vya kitabu vitakuwa mezani pia, mvishike. Cha tatu kimepatikana. Kilikuwa kwa mdogo wake mmoja wao, yuko Gredi ya 7, alikuwa anakisoma.