Kwa mdogo wangu uliye Mafia, kuhusu zile sekunde tisa

Mdogo wangu,

Mbukwenyi. Ulipojifunza salamu hii ya Kigogo pale kwenye benchi la kliniki ulikuwa unaitamka kama mtu anayetema kokwa ya ubuyu, na akina mama wa Bahi walicheka mpaka muuguzi akatoka kutukemea. Nakusalimia hivyo makusudi, ili ujue sijaanza na hasira. Hasira ipo, itakuja yenyewe.

Naandika hadharani kwa sababu kwingine kote umenifungia. Simu yangu hupokei. Namba ya binti yangu uliiblok siku ileile ulipogundua kuwa ni mimi niliyekaa nyuma yake. Shangazi yako wa Mbagala ananijibu kwa adabu ya pwani, "nitamfikishia mwanangu," na sijui kama anafikisha. Basi atakayesoma hapa na akakujua, akufikishie.

Kijana hajambo?

Unakumbuka hilo ndilo lilikuwa swali letu la kila siku. Saa moja na nusu asubuhi narusha orodha kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mama ananakili, anajaza mstari wake, anairusha tena. Mzima. Maumivu ya miguu tangu usiku. Tumelazwa, kaongezwa damu chupa moja. Saa nne narusha neno moja tu, MAJI, na kila mama popote alipo anampa mtoto kikombe. Selimundu, huu ugonjwa wa watoto wetu wa chembe za damu kupinda, haihitaji mengi kuiamsha: kiu, baridi, homa, kuchoka. Wewe ulikuwa namba 37. Hata baba watoto alipomaliza kazi yake huku Dodoma mkarudi kwenu kisiwani, ulibaki namba 37, katikati ya mama mapacha wa Mpwapwa na yule bibi wa Manyoni anayelea mjukuu.

Sasa kimbunga. Kwetu sisi kimbunga ni kile cha Agosti, kinanyanyuka uwanjani na vumbi jekundu, kinabeba makaratasi na kanga ya mtu iliyoanikwa, watoto wanakikimbilia waingie katikati, kisha kinafia kwenye uzio wa jirani. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoanza kumtaja Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, nakiri sikushtuka kama ilivyonipasa. Mume wangu, ambaye amefundisha jiografia maisha yake yote na hawezi kunyamaza ramani ikitajwa, alisema nchi yetu iko karibu mno na ikweta, upepo haupati msokoto wa kutosha, ndiyo maana vimbunga hivi huwapiga watu wa Madagaska na Msumbiji vikatupita. Kisha akakaa, akakuna kidevu, akasema lakini Lindi walipigwa mwaka 1952, na Unguja mwaka 1872 mikarafuu ililala chini. Nilimwambia anyamaze.

Jumamosi ya tarehe 4 boti za Zanzibar zilisimama. Siku ileile Hidaya akaingia nchi kavu kwenye kisiwa chako, si kwingine. Wataalamu walikuwa na mikoa mitano sita midomoni, Lindi, Mtwara, Pwani, Dar es Salaam, na yeye akachagua kupita kwenye kipande cha ardhi ambacho mimi nilikuwa na mtu mmoja tu ninayemjua. Jumapili tukatangaziwa kwamba amepoteza nguvu, amekwisha. Nchi ikapumua, macho yakahamia kwenye barabara ya Lindi iliyokatwa na maji kule Somanga. Sisi ndio kwanza tukaanza kubana pumzi, maana asubuhi ile orodha ilizunguka mpaka saa tano na mstari wa 37 ulikuwa mtupu.

Nikupe hesabu, maana najua huijui yote. Jumatatu mama mapacha alikupigia mara kumi na nne. Namba unayopiga haipatikani. Yule wa Kongwa ambaye mwanawe anaendesha bodaboda Mbagala alimtuma Rangi Tatu, akawaulize madereva wa magari ya Nyamisati nani ametoka ng'ambo na amesikia nini. Bibi wa Manyoni alifunga siku tatu. Bibi yule ana sukari, mdogo wangu, tulimgombeza kwa zamu akatujibu kwamba Mungu anajua dozi yake. Mama mmoja wa Kondoa, ambaye hamjawahi hata kusalimiana vizuri, alikumbuka ana binamu mwalimu huko Kilindoni, akaanza kumtafuta huyo. Na kila asubuhi orodha ikifika kwako watu wanairuka polepole, wanaandika 36, wanaacha mstari, wanaandika 38. Hakuna aliyesema tuache hivyo. Ilitokea tu.

Halafu Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikafa nchi nzima. Watu walisema ni Hidaya amerudi chini ya bahari. Wapi, zilikuwa zile nyaya zinazopita baharini, EASSy na Seacom, na hitilafu yenyewe iko huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Lakini utamweleza nani? Kundi la wanawake mia na arobaini likawa kimya kama shamba lililovunwa. Siku hiyo wenye vitochi ndio walitubeba. Wale tuliokuwa tunawacheka, tunawasomea ujumbe kwa simu kwa sababu hawana WhatsApp, ndio walioshika kazi: huyu anampigia yule, yule anamtumia meseji ya kawaida huyu, mpaka usiku orodha ikakamilika kwa mdomo. Nilikaa na daftari kama karani wa mnada. Mstari wa 37 niliuchora na rula.

Na hapa ndipo hasira inapoingia, nikae nayo.

Yule binamu mwalimu alikuona. Alikuona Ijumaa, tarehe 10. Alikukuta shuleni mlikolala baada ya paa kuondoka, akakwambia kwa kinywa chake: Dodoma wanakutafuta, wanalia. Ukamjibu "sawa." Nimemuuliza mara tatu kama ulisema kingine, anasema ulisema "sawa," ukaendelea kuanika godoro. Meseji yake ilikwama, intaneti ikakatika, tukaipata baadaye. Kwa hiyo siku tano nzima wewe ulijua. Bibi anafunga, wewe unajua. Najua simu yako ilikuwa imelowa na umeme hamkuwa nao, usinieleze hayo. Mwalimu alikunyooshea yake.

Jumatano tarehe 15, saa mbili usiku, nimeshika sufuria ya mlenda, simu inalia. Sauti yako. Sekunde tisa. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kuna jogoo anawika nyuma, nikashangaa jogoo gani wa saa mbili usiku, baadaye nikaelewa kwamba ulirekodi alfajiri ukakaa nayo siku nzima kabla ya kuituma. Ukasema: "Tuko hai, alhamdulillahi. Mwambieni da'mkubwa, msiba bado."

Kisha maandishi madogo ya kijivu: ameondoka.

Mlenda uliungua. Watu wakaanza kushangilia kwenye kundi, vigelegele, mikono ya dua, "Mungu mkubwa," wengine hawakuelewa maneno ya mwisho, waliyachukulia ni mzaha wa watu wa pwani. Walioelewa walikaa kimya, na ukimya wao niliusikia kuliko vigelegele.

Wasomaji wengine hawajui kwa nini, na nilikuwa na nia ya kulipita hili. Haya. Alhamisi ya tarehe 2, siku mbili kabla ya kimbunga, uliandika kwenye kundi kwamba unamwachisha kijana vidonge vya haidroksiyurea, umepata mzee anayeandika kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji ya kunywa, mtoto anakunywa na amelala usiku mzima bila kulia. Nikakujibu mbele ya wote. Niliandika mengi, lakini yaliyobaki ni haya: "Siku likikukuta, usituite msibani."

Ndivyo nilivyoandika. Hapo ulipo unaweza kufunga ukasema amekiri, yamekwisha. Ngoja kwanza.

Kombe sikulikataa. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, sina neno na aya za watu, na mwenyewe umenishuhudia nikimpaka binti yangu mafuta ya upako kisha nampa dawa, kwa mkono uleule. Nilichokataa ni kuacha. Daktari alituambia wote wawili, tumekaa benchi moja, kwamba vidonge vile vinaurudisha mwili kwenye damu ya utotoni, ile isiyopinda, na vinafanya kazi polepole, kwa miezi, kama mtu anayejaza mtungi kwa kijiko. Ukiacha, mtungi unavuja, na hutaona leo wala kesho. Utamuona amelala vizuri, utasema kombe limeshika. Ndiyo maana nilipiga kelele.

Na kuna jingine ambalo hulijui, kwa sababu sikuwahi kulisema pale benchini tulipokuwa tunasema kila kitu. Binti yangu si wa kwanza. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Miaka hiyo haidroksiyurea hatujaisikia, lakini kliniki ilikuwepo, na nilichoka. Nilichoka na foleni, nikampeleka kijijini kwa mtu aliyenihakikishia. Tulikaa kwake siku nne. Siku ya nne nilirudi na gari la kukodi na sikumshusha nimempakata, nilimshusha wamenipokea. Kwa hiyo nilipoyaandika yale maneno sikuwa nakuandikia wewe peke yako, na kama ungenipigia simu badala ya kunihukumu ungeyajua. Lakini ungenipigiaje, nami nilikwisha kukupiga hadharani? Naona. Naona hata ninapoandika.

Ila nikuulize. Wiki moja kabla ya ujumbe wako ule wa kombe, hapa hapa Dodoma, Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema mvua za El Niño zimeshaua watu 155. Mia na hamsini na tano, na Hidaya hajazaliwa bado. Nchi nzima inazika, wewe unakaa kisiwani, unatangaza kwamba mtoto hana dawa. Ungekuwa wewe na mimi ndiye niko huko, ungeniandikia "hongera"?

Usinijibu.

Nina ushauri, ninao kwa sababu ni mkubwa wako. Uwe na namba mbili za mitandao tofauti. Daftari la mtoto lifunge kwenye mfuko wa nailoni, litundike juu, lisiwe chini ya godoro. Mvua ikianza, mvishe soksi kabla hajasema anasikia baridi. Jirani mmoja awe na namba ya mtu wa bara. Na ukigombana na mtu, usitumie uhai wako kumlipia. Mimi nilitumia mdomo, ni kweli, wewe ukatumia siku tano, na tukipima kwenye mizani ya pale soko la Majengo sijui kama... Basi.

Pesa nayo. Zile shilingi 286,000 za mabati tulizokuchangia hazikuwa zangu. Yalikuwa ni mafungu ya elfu mbili mbili, wengine elfu moja, mmoja aliuza kuku. Ukazirudisha kupitia kwa shangazi, na ya kutolea ukaongeza juu. Ile ya kutolea ndiyo iliyoniliza. Ningeelewa ukirudisha kwa hasira, ukirudisha pungufu. Kurudisha na ya kutolea ni kumwambia mtu hamna udugu hapa, tulifanya biashara.

Ulipoondoka nilifanya jambo ambalo sijivunii. Nilipanga orodha upya. Nikampandisha bibi wa Manyoni awe 37, wote nyuma yake wakasogea. Niliirusha asubuhi kama kawaida. Yule mama wa bodaboda, wa Kongwa, akainakili, akairekebisha, akairudisha na 37 tupu, wala hakunitupia neno. Kila aliyefuata alinakili ya kwake, yangu ikabaki huko juu peke yake. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Akina mama wapya wanauliza namba hiyo ya nani, wanaambiwa ni ya mama mmoja wa Mafia.

Mpwa wangu anashuka Dar Jumamosi na treni ya umeme, atalala kwa shangazi yako, Jumatatu atampa dereva wa Nyamisati kifurushi avushe kwenye kivuko. Ndani kuna lile daftari la kliniki mlilolisahau kwangu siku mnahama, lenye vipimo vyake vyote vya damu toka ana miaka minne. Lipeleke kwa daktari wa huko. Vidonge sijaweka, uzito wake wa sasa siujui, na lazima damu ipimwe kwanza, hilo unalijua. Kuna zabibu, kuna ubuyu wa unga. Na sweta, kwa ajili ya kusi. Mkono nimeukadiria kwa binti yangu alipokuwa na miaka kumi. Likimbana, mpe mtoto mwingine. Usirudishe.