Barua kwa binti yangu kuhusu ile chekapu unayotaka kulipia

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, na ile picha ya ofa ya chekapu ya wanawake nimeiona, altrasaundi ya nyonga pamoja na kipimo cha damu cha CA-125, unauliza ukilipia hiyo kila mwaka si itakuwa imetosha yasikukute yaliyomkuta shangazi yako, ile kansa ya ovari. Jibu fupi ni haitoshi, na nakuomba hela yako usiitoe kwanza. Jibu refu ndo hili naliandika, manake kwenye simu najua tutaishia kusalimiana na kuulizana mvua. Mama yako alitaka akwambie yeye, anasema mambo ya mirija na mayai baba haongei na binti yake, nikamwambia hii kitu imetoka upande wangu, acha niandike mwenyewe.

Majibu yangu yametoka. Ninayo. Ile kasoro ya jeni iitwayo BRCA1, inayopandisha hatari ya kansa ya ovari na titi, waliyomkuta nayo shangazi yako hapa Uingereza na mimi ninayo, kwaiyo wewe na kaka yako kila mmoja ana uwezekano nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Watu wengi wanadhani kwa vile ni kansa ya ovari na ya titi basi inapita kwa mama tu, kumbe mwanaume anaibeba miaka yote hana habari, ovari hana, kwangu mimi hatari yenyewe ni ndogo, ila anamrithisha mtoto kama mi nilivyokurithisha hiyo pua.

Kule kliniki ya vinasaba yule dada alichukua karatasi akaanza kuchora ukoo, wanawake duara, wanaume mraba, aliyeugua anapakwa wino, aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari. Akaniuliza bibi yako alifariki na miaka mingapi. Nani anajua! Ikabidi nimpigie baba yako mdogo Pangani palepale, akasema ilikuwa zile mvua za El Niño barabara zimekatika, tukaanza kuhesabu kurudi nyuma, nani alizaliwa lini, nani alikuwa anasoma darasa la ngapi, tukapata bibi hata hamsini hakufika. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema ana jipu la titi, na kuna waliosema kafanyiwa. Basi duara la bibi likapakwa wino, chini yake la shangazi likapakwa, na ubavuni mraba wangu. Titi na ovari kwenye ukoo mmoja, kwa watu ambao hawajazeeka, ndo kitu wanachokitafuta pale.

Sasa hesabu zenyewe, na usitishike. Mwanamke wa kawaida kupata kansa ya ovari maisha yake yote ni kama mmoja na kidogo kwa kila mia. Mwenye kasoro ya BRCA1, kwa utafiti mkubwa uliotoka 2017, ni kama 44 kwa mia akifika miaka 80, na titi ni kama 72. Ni kubwa, siwezi kukuficha. Lakini ovari kwa umri wako ni nadra, inaanza kupanda ukishavuka arobaini hivi, kwaiyo una muda wa kufikiri bila kukimbizwa na mtu wa ofa.

Turudi kwenye hiyo CA-125. Ni protini inayopimwa kwenye damu, ina kazi yake, kwa mgonjwa anayetibiwa inasaidia kuona dawa inafanya kazi ama vipi. Tatizo ni kuitumia kwa mtu mzima wa afya. Faibroidi zinaipandisha, endometriosisi (utando wa mji wa mimba kuota nje yake) inaipandisha, hata siku zako tu zinaweza kuipandisha, alafu kansa yenyewe ikiwa changa kabisa karibu nusu ya wanawake kipimo kinasoma kawaida. Yaani inapiga kelele pasipo na mwizi na mwizi akiingia inanyamaza.

Hapa Uingereza walilijaribu hili kwa nguvu zote. Wanawake 202,638 waliandikishwa kati ya 2001 na 2005, wa miaka 50 hadi 74, kundi moja linapimwa damu kila mwaka na kompyuta inaangalia namba inavyopanda mwaka hadi mwaka, kundi lingine altrasaundi kila mwaka, lingine halipimwi kitu. Wakawafuatilia miaka zaidi ya 16. Profesa Usha Menon wa University College London na wenzake walipotoa majibu 2021, waliofariki kwa kansa hiyo walikuwa asilimia 0.6 kwenye kila kundi. Makundi yote matatu! Na kinachouma ni kwamba kundi la damu kweli waligundua nyingi zaidi zikiwa hatua ya kwanza, ila vifo havikupungua. Marekani nao walifanya wa kwao, majibu 2011, kule wanawake 3,285 waliambiwa kuna kitu kumbe hakuna, 1,080 kati yao wakaingizwa tieta, 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji. Ndo maana nakwambia tulia na hela yako.

Kwanini inakuwa ngumu hivyo? Kitu nilichojifunza ambacho kimenishangaza ni kwamba ile aina kali inayoua wengi, mara nyingi haianzii hata kwenye ovari, inaanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale penye vishada kama vidole. Waliligundua kwa kuchunguza kwa hadubini mirija waliyotolewa wanawake wenye kasoro ya BRCA wakiwa bado wazima. Chembe chache tu, altrasaundi gani itaziona? Kutoka pale zinadondoka tumboni na kutapakaa.

Kwaiyo kwa mwenye BRCA1 kinachopunguza vifo mpaka sasa ni kutoa mirija na ovari, kati ya miaka 35 na 40, ukishamaliza kuzaa. Yule mwigizaji wa Marekani, Angelina Jolie, ndo alifanya hivyo 2015, mama yake alifariki kwa kansa hiyo hiyo. Sio jambo dogo, ukitoa ovari unaingia komahedhi siku hiyohiyo, majoto, usingizi, mifupa, inabidi wakupe homoni. Ndo maana wanajaribu njia nyingine, hapa kuna utafiti unaitwa PROTECTOR na Uholanzi kuna TUBA, unatoa mirija mapema na ovari unaziacha hadi baadae. Bado wanasubiri kuona kama inakinga sawasawa. Na Oxford wameanza kutafuta chanjo, hiyo ni miaka mingi mbele, usiiweke kwenye mahesabu.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinapunguza hatari ya ovari, ila kwa sababu ya titi ongea na daktari, usinisikilize mimi.

Na hata kama huna hiyo kasoro, hizi dalili za kansa ya ovari zijue: tumbo kujaa na kuvimba, kushiba haraka, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara, kitu ambacho hukuwa nacho na sasa ni siku zaidi ya 12 kwa mwezi. Shangazi yako alikuwa anakula vijiko viwili vya wali anasukuma sahani, akaongeza mpira kwenye kiuno cha sketi zote, akapewa dawa za asidi, akapewa tena. Walipokuja kumpiga altrasaundi tumbo lilikuwa limejaa maji.

Cha kufanya ni hiki. Usipime jeni zote, paneli nzima. Vitabu vya hayo majibu vimejazwa zaidi na watu wa Ulaya, mtu mweusi anarudishiwa mara nyingi zaidi badiliko ambalo hawajui maana yake, unabaki na hofu ya bure. Wewe wanatakiwa waangalie sehemu ileile ya jeni iliyoharibika kwangu, basi, damu au mate. Huna, unakuwa mwanamke kama wengine kwa kansa hii, hata wanao hawatarithi kwako. Unayo, tunapanga, na titi linaanza kufuatiliwa mapema kwa picha za mashine ya MRI. Na ukiamua hutaki kujua sa hivi, sikulazimishi, una miaka 26, niambie tu tusisumbuane.

Kaka yako nimemwambia kwenye simu akacheka akasema hayo ya wanawake. Ana binti wa miaka miwili! Ongea nae wewe, mimi hanisikii.

Ripoti naiskani leo usiku nakutumia kwa imeili, ifungue kwenye laptop sio simu. Ukurasa wa pili, ule mstari wenye herufi na namba usioeleweka, huo ndo umpe daktari, aunakili herufi kwa herufi.

Baba